Simu yangu ilizima Stella Point

Tulitoka kambi ya Barafu, Mlima Kilimanjaro, saa sita kasoro usiku. Simu yangu ilikuwa na asilimia 64, nakumbuka kwa sababu niliiangalia kabla ya kuitia mfuko wa nje wa jaketi, ule ninaoufikia kwa haraka. Tunafika Stella Point, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele cha Uhuru, kunapambazuka, mgeni wangu, mama wa miaka sitini na kitu, kamera yake ikagoma. Akaniomba nimpige picha kwa simu yangu. Naitoa, imezima. Nabonyeza, inaonyesha nembo, inazima tena. Yule mama alidunduliza miaka mingi kwa ajili ya asubuhi ile moja. Picha zake za Uhuru, mita 5,895, alizipiga msaidizi wangu ambaye simu yake ilikuwa kifuani, ndani ya sweta.

Jioni tukiwa tumeshuka kambi ya Mweka nikaiwasha bila kuigusisha chaja. Asilimia 58.

Nimeongoza wageni mlimani miaka kumi na moja, na muda wote huo nimekuwa nikiwaambia wapagazi kwamba baridi inakula chaji. Haili. Ndani ya betri ya lithiamu kuna kimiminika ambamo chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Baridi ikizidi, safari hiyo inakuwa nzito, volti zinashuka, na simu ikiona zimefika chini ya kiwango chake inajizima. Chaji imo ndani, ila haitoki. Ukiipasha joto kwapani inarudi.

Lakini mbona ya msaidizi wangu haikuniangusha hata iliposhikwa nje dakika kumi nzima kileleni? Swali hilo nilishuka nalo mpaka mjini Moshi, kwa dada mmoja fundi simu jirani na soko la Mbuyuni. Hakuwa hata amefungua skurubu. Aliilaza mezani, akaizungusha kwa kidole, ikazunguka kama pia. Betri ilikuwa imevimba, kifuniko cha nyuma kimeanza kuachia gundi.

"Kaka, unalala nayo kwenye chaja?"

Nikamwambia ndiyo, naiweka chini ya mto ili nisikie alamu.

"Basi unaishibisha halafu unaifunika blanketi."

Akanieleza huku akiivua taratibu kwa kadi ya plastiki, maana betri iliyovimba ukiitoboa inaweza kuwaka moto. Betri ya simu ikijaa kabisa inafika kama volti 4.2. Ikikaa imejaa hivyo saa nyingi, dawa zilizo ndani zinaanza kulana zenyewe kwa zenyewe, na joto linaharakisha. Hapo ndipo inapozalisha gesi na kuvimba. Betri iliyochakaa hivyo inapata shida kusukuma umeme hata kwenye joto la Moshi, sembuse baridi ya Stella Point. Iliyo nzima ingenivusha. Ile ya zamani aliitia kwenye kopo la mchanga, nje ya kibanda.

Nilikaa pale hadi mchana nikijiuliza nani alinifundisha kuchaji usiku kucha. Ni nyumbani, Kibosho. Kabla umeme haujafika kwetu, simu ya mama tulikuwa tunaipeleka duka la barabarani, shilingi mia tatu kwa kuchaji. Bei ilikuwa ile ile, ijae au isijae. Nani angeichukua ikiwa na asilimia themanini? Ulikuwa unaiacha asubuhi, unaifuata jioni, na ukifika unaangalia vile vijiti vyote vimesimama. Tena wakubwa walisisitiza simu mpya ichajiwe masaa manane kabla ya kuwashwa, na isichajiwe tena mpaka iishe kabisa. Hawakututungia uongo. Betri za zamani, za nikeli na kadimiamu, zilitaka kumalizwa, la sivyo zinazoea kuishia njiani. Lithiamu, ambayo Sony walianza kuiuza mwaka 1991, haina tabia hiyo. Kuimaliza mpaka sifuri kila siku kunaichosha. Vyombo vimebadilika, desturi zetu zimebaki za duka la barabarani.

Siku hizi naichomeka nikiwa nakunywa chai asubuhi, naichomoa ikikaribia themanini, na siiachi ishuke chini ya ishirini nikiweza. Kava nene naitoa wakati wa kuchaji. Alamu nimenunua saa ya mezani. Kuijaza mpaka mia si dhambi: nikipanda mlima kesho yake naijaza, kwa sababu nitaitumia mara moja, haitakaa imejaa.

Mlimani nimekuwa mkali zaidi, na hili nawaomba wapagazi wenzangu walishike. Simu na pawabenki vinalala ndani ya slipingi begi, miguuni au tumboni. Na msichaji simu iliyoganda. Chini ya nyuzi sifuri lithiamu haiingii vizuri mahali pake, nyingine inajipaka juu kama masizi kwenye sufuria, na sehemu ya iliyojipaka hivyo hairudi tena kufanya kazi. Hasara ya baridi wakati wa kutumia ni ya muda. Hasara ya kuchaji kwenye baridi ni ya moja kwa moja. Ipashe kwanza mwilini, ndipo uchomeke waya.

Wiki iliyopita nilikwenda Kibosho. Simu ya mama ilikuwa dirishani, jua la alasiri linaipiga, imechomekwa tangu asubuhi, imejaa. Nikaihamishia kwenye kabati la vyombo, pembeni, penye kivuli. Akanisikiliza maelezo yote mpaka mwisho.

"Sawa baba. Na umeme ukikatika usiku nikiwa na hiyo themanini yako, nikiugua nakupigiaje?"

Sikuwa na la kubishana hapo. Tumekubaliana aijaze jioni kabla ya kulala, aichomoe, na mchana ikae kabatini. Nimemwachia na pawabenki yangu ya akiba.