Kanisa Lililobomolewa Ukuta

Nilishuka treni Mâcon, nikapanda basi hadi Taizé, kijiji kidogo cha Burgundy, Ufaransa. Mimi ni mzee wa kanisa. Kwa miaka mingi baraza letu limekuwa likijadili jambo lile lile: vijana wanaondoka. Tumenunua spika kubwa zaidi, tumeongeza kwaya, na mabenchi ya nyuma bado ni matupu. Nilitaka kupaona mahali ambapo vijana huja wenyewe kwa maelfu.

Hapo wanaishi watawa waitwao ndugu, katika jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1940 na Ndugu Roger, Mprotestanti kutoka Uswisi. Siku hizi ndugu wake ni Waprotestanti na Wakatoliki. Wanakula jasho lao; hawapokei zawadi, na hata urithi wa jamaa zao huwapa maskini.

Kengele zilipolia tuliingia Kanisa la Upatanisho, tukaketi sakafuni, ndugu katikati yetu katika kanzu nyeupe. Wimbo wa mstari mmoja ulirudiwa mpaka karatasi ikawa haina kazi. Kisha kimya, kirefu. Siku ya kwanza kilinisumbua. Siku ya tatu nilikingoja kwa hamu, nikatambua kuwa ibada zetu tumezijaza maneno mpaka Mungu hana pa kusemea.

Mchana nilipangiwa kuosha vyombo, maana kazi hapo hufanywa na wageni wenyewe. Binti mmoja tuliyekuwa naye kwenye karai aliniuliza kwetu vijana wana kazi gani kanisani. Nikamjibu, “Wanaimba.” Akanyamaza, akingoja niendelee. Sikuwa na la kuongeza.

Lakini kilichonishika zaidi ni habari ya ukuta. Kanisa lile lilizinduliwa mwaka 1962. Ilipofika Pasaka ya 1971 vijana walifurika, nao ndugu wakabomoa ukuta mmoja, wakaunganisha hema kubwa ili watu waenee. Jengo la miaka 9 tu! Nilisimama pale muda mrefu. Sisi kuhamisha kinanda tu kulituchukua vikao vinne, na waliokuwa wakibishana wote tulikuwa na mvi.

Jumapili, ndani ya treni ya kurudi, nilitoa daftari nikachora kanisa letu: mlango, mabenchi, mimbari, na kile kiti cha mbele ninachokaliaga mimi. Nikatafuta kifutio, nikaanza na kiti.