Nilivyofuatilia wagonjwa baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, Kisumu

Orodha yangu ya kwanza niliitoa kliniki, na ilikuwa bure. Anayerudi kliniki ni aliye hai na mwenye nauli, kwa hivyo matokeo yakapendeza kupita kiasi. Ya pili niliitoa kwenye daftari la thieta: kila aliyepasuliwa, hata yule aliyefunguliwa tumbo akafungwa tena kwa kuwa uvimbe haukutoleka. Hao wote ndio idadi ya kugawia unapotafuta asilimia.

Kila mgonjwa alipata mstari mmoja kwenye Excel: tarehe ya upasuaji, kama ulikuwa wa dharura au wa kupangwa, hatua ya ugonjwa, kama utumbo uliunganishwa au aliwekewa stoma (tundu la tumboni la kutolea choo), na tarehe ya mwisho tuliyojua yu hai. Safu hiyo ya mwisho ndiyo huachwa, na bila hiyo aliyepotea unamhesabu mzima. Wa dharura wahesabu kando. Aliyeletwa utumbo umeziba na tumbo limejaa, hatari yake si sawa na ya aliyekuja kwa miguu yake.

Matatizo ya wodini niliyapanga kwa madaraja ya Clavien-Dindo, yanayoangalia tiba iliyohitajika. Kidonda kikifunguliwa kitandani usaha utoke, hilo ni daraja la 1. Antibiotiki au kuongezwa damu ni la 2. Kurudishwa thieta kwa nusukaputi ni 3b, kulazwa ICU (wodi ya mahututi) ni la 4, kifo ni la 5. Kwa kuvuja kwa mshono wa utumbo nilitenga safu ya peke yake, maana mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 5 na ya 7 na faili huandikwa "homa" tu. Soma chati ya manesi: mapigo ya moyo yaliyopanda yakakataa kushuka ni sababu ya kulipekua faili lote. Kwenye ripoti ya maabara hesabu tezi za limfu. Zikiwa chini ya 12, huwezi kusema kwa uhakika kwamba ugonjwa haujafika huko.

Vifo nilivihesabu kwa siku 30 na kwa siku 90. Hizo 90 ndizo zenye kazi, kwa sababu hospitali humjua aliyefia wodini, si aliyefia nyumbani Siaya wiki ya saba. Chukua namba tatu kabla hajatoka: yake, ya anayemuuguza na ya jirani. Andika pia jina la nyumbani. "Margaret" wa kwenye faili huenda kijijini anaitwa nyar Alego (binti wa Alego), na ukimuulizia Margaret utaambiwa hayuko. Kwa jirani saratani haitajwi: "Shikamoo mzee, napiga kutoka hospitali, naomba kuongea na mama." Basi.

Kwa waliokatwa rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo) wakaunganishwa, bila stoma, nilitumia alama za LARS, maswali 5 yaliyotungwa Denmark kupima shida za choo baada ya upasuaji huo. Jumla ni 0 hadi 42; 21 hadi 29 ni shida ndogo, 30 kwenda juu ni kubwa. Ugumu uko kwenye kuuliza. "Unaweza kuzuia hewa?" mzee anadhani unauliza kupumua. Sema "hewa ya tumboni inayotokea nyuma", na ukiona mkwe wake amekaa karibu, ahirisha. Swali la kubanwa ghafla lina uzito kuliko yote, hadi alama 16, na ndilo hujibiwa vibaya. Anayepanga ploti ya Manyatta yenye choo kimoja cha nje atakuambia hana shida, kumbe ameacha kutoka nyumbani asubuhi. Niliuliza hivi: "Hutokea ukabanwa mpaka ukimbilie choo?" Kufika au kutofika si swali.

Kosa lililonisumbua zaidi ni la kujumlisha. Anayekwenda choo zaidi ya mara 7 kwa siku hupewa alama 4, lakini asiyefikisha hata mara moja kwa siku hupewa 5. Wasaidizi wangu waliona ni makosa ya chapa wakampa 0. Mwishowe nilifunga fomula kwenye Excel, wao wakawa wanaingiza jibu tu.

Asilimia niliziandika pamoja na idadi. Kwa wagonjwa 40, kifo kimoja ni asilimia 2.5, na robo mwaka moja mbaya inaweza kutokana na watu wawili waliochelewa kufika.