Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi hapa Makunduchi, Zanzibar, raha tupu!
Julai hii nyumba ya shangazi haina pa kuweka mguu. Mila inataka kila nyumba ipate mgeni, na sisi wa mjini tumeitikia kwa wingi, matumbo wazi.

Wanaume wametandikana kwa migomba mpaka vinyongo vya mwaka mzima vikaisha. Binamu yangu katoka karoa utomvu kwenye shati jeupe. Doa la mgomba halitoki ng'o, sijui mkewe atamwambia nini! Wanawake pembeni, kanga mpya, wanarushiana nyimbo za mafumbo bila huruma. Kibanda cha makuti kikachomwa, wazee wakatazama moshi unakoelekea, kubashiri mwaka ujao.

Sasa tuko pwani, ngoma inarindima, pweza wa nazi yuko njiani. Daladala za mwisho zimeshaondoka. Tunalala hukuhuku.