Usiku wa Taazia ya Robin Williams

Habari ya kifo cha Robin Williams, mwigizaji na mchekeshaji wa Kimarekani, ilinikuta kazini, usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 12 Agosti 2014, nikiwa peke yangu katika chumba cha habari cha kituo cha redio nilichokuwa nikikitumikia wakati huo. Kule California ilikuwa bado alasiri ya Jumatatu. Taarifa ya kwanza ya mashirika ya habari ilikuwa fupi mno. Iliyofuata ilimnukuu msemaji wake akieleza kwamba siku za karibuni marehemu alikuwa akipambana na sonona kali, na nyingine ikaja kusema kwamba polisi wa Marin, wilaya ya California alikoishi, walishuku kuwa amejiua. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Zamu ya usiku katika redio ndogo ni kazi ya kutafsiri, kupunguza maneno na kusubiri kukuche, na mara nyingi kifo cha mtu maarufu wa mbali hupewa sentensi tatu kisha yanafuata matokeo ya mpira. Safari hii haikuwezekana. Kwa watu wa rika langu, hata wale wasiolikumbuka jina lake, huyu alikuwa sauti ya lile jini la buluu katika Aladdin, filamu ya katuni ya mwaka 1992, na ndiye daktari mwenye ndevu aliyeketi na kijana mkaidi kwenye benchi la bustani ya Boston katika Good Will Hunting, filamu iliyompatia tuzo ya Oscar mwaka 1998. Nilimpigia simu mhariri nyumbani kwake, nikamwamsha, naye akaniagiza niandae taazia ya dakika tatu kwa ajili ya taarifa ya asubuhi. Kabla hajakata simu alinitajia sentensi ya kuanzia: “Aliyeuchekesha ulimwengu mzima, kumbe moyoni alikuwa akilia.” Niliiandika kama alivyoniambia, kisha nikaendelea na kazi.

Sehemu iliyobaki haikunipa shida. Nilieleza kwamba alizaliwa Chicago mwaka 1951, kwamba alisomea uigizaji katika chuo cha Juilliard mjini New York, na kwamba alipata umaarufu mwishoni mwa miaka ya sabini katika tamthilia ya televisheni akiigiza kiumbe kutoka sayari nyingine. Nafasi kubwa zaidi niliiacha kwa kisa cha Christopher Reeve, aliyesoma naye Juilliard na baadaye akawa Superman wa sinema. Mwaka 1995 Reeve alianguka kutoka juu ya farasi, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini, na alipokuwa amelala hospitalini akisubiri upasuaji wa hatari, aliingia mtu aliyevaa mavazi ya upasuaji akijitambulisha kwa lafudhi ya Kirusi kuwa ni daktari aliyekuja kumpima mahali ambapo hakuna mtu apendaye kupimwa. Alikuwa ni Williams. Reeve alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu ajali ile, na kwamba kicheko hicho kilimfanya aamini kuwa maisha yangewezekana tena. Mimi tuzo za mtu hazinisisimui sana. Lakini mtu anayeweza kwenda kumchekesha rafiki aliye katika hali ile, bila kamera wala hadhira, huyo nilitaka wasikilizaji wamjue.

Ilikuwa saa kumi alfajiri alipoingia mtangazaji wa kipindi cha asubuhi. Jina lake silitaji, ingawa yeye mwenyewe ameniruhusu kuyasimulia haya. Kipindi chake kilianza saa kumi na mbili na kumalizika saa tatu, na kwa kweli ndicho kilichokuwa kikikiweka hai kituo kizima, kwa sababu mtu yule alikuwa na kipaji cha kugeuza sauti kiasi kwamba wasikilizaji waliwatumia salamu wahusika wake kana kwamba ni watu wenye nyumba na anwani. Alikuwa na bibi mgomvi, mwalimu mkuu mwenye kigugumizi, na mzee anayepinga kila kitu kilichovumbuliwa baada ya ujana wake. Kila siku alifika mapema mno, kabla hata ya wafagizi, na katika mikutano ya wafanyakazi uongozi ulikuwa na desturi ya kumtaja kuwa mfano wa bidii.

Nilimpa habari ile. Hakuketi. Aliichukua karatasi ya taazia iliyokuwa juu ya mashine ya kuchapishia, akaisoma yote akiwa amesimama, akarudi juu akaanza upya. Nilitazamia atoe utani wowote, maana hata misibani alikuwa na namna yake ya kuwapunguzia watu uzito.

“Nani kaandika hili la kulia moyoni?” aliuliza.

Nilimwambia ni agizo la mhariri.

“Mimi nikiwa hewani silii moyoni, mdogo wangu. Nacheka. Yale masaa matatu ndiyo pekee katika siku nzima ambayo nacheka kweli. Sasa mkiwaambia watu kwamba kicheko ni uongo, mtakuwa mmeninyang'anya hata hicho.”

Hivyo ndivyo nilivyojua. Nilifunga mlango, ingawa hapakuwa na mtu mwingine zaidi ya fundi mitambo aliyekuwa chumba cha mbali, tukaketi. Alizungumza kwa sauti yake mwenyewe, ambayo nilitambua kwamba nilikuwa nimeisikia mara chache sana. Alisema hafiki kazini mapema kwa sababu ya bidii. Hufika mapema kwa sababu kila usiku usingizi humkatika saa tisa na haurudi tena, na kulala macho wazi kando ya mkewe akihesabu makosa ya maisha yake yote ni adhabu kubwa kuliko kuja kukaa katika ofisi tupu. Alisema kwamba si huzuni kama watu wanavyoidhania, kwa kuwa huzuni ina sababu na ina machozi, ilhali yeye hakuwa na kimojawapo. Alikuwa na uchovu usioisha kwa kupumzika, chakula kisicho na ladha, na hakika isiyotikisika kwamba angewafaa zaidi watoto wake kama asingekuwapo. Daktari alikwisha kumwambia mwaka uliotangulia kuwa hiyo ni sonona. Alipewa dawa, akazitumia kwa muda, kisha akaziacha.

Nilimwuliza kwa nini aliziacha, na jibu lake sijalisahau. Siku aliyorudi kliniki, muuguzi aliita jina lake kwa sauti, watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka, na kabla hajafika dirishani mmoja wao akamwomba atoe sauti ya bibi mgomvi. Akaitoa. Watu walicheka, na muuguzi naye akacheka, na baada ya hapo aliona haiwezekani tena kuingia katika chumba cha daktari akasema kwamba hataki kuishi. Akageuka akarudi nyumbani. Watu wengi huficha ugonjwa huu kwa sababu wanaogopa kuitwa wendawazimu. Yeye alikuwa na kikwazo cha ziada, kwamba kila alipojaribu kuufichua aliombwa burudani.

Nilikuwa nimewahi kusoma, wakati wa kuandaa kipindi cha afya, kwamba kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani, bali mara nyingi humpa nafasi ya kulisema. Kusoma ni jambo jepesi. Kulitamka swali lenyewe mbele ya mtu unayemheshimu, tena aliyekuzidi umri, ni jambo jingine kabisa, na nilihisi ulimi ukiwa mzito.

“Kaka, umewahi kufikiria kujiua?”

“Nimewahi,” alisema. “Leo sijafikiria. Lakini hii habari yako imenifanya niogope, kwa sababu huyu alikuwa na kila kitu: madaktari, fedha, mke aliyempenda. Nikajiuliza, mimi je?”

“Shemeji anajua?”

“Anajua nusu.”

Sikuwa na hekima ya kumpa, na sidhani kama alikuwa akiihitaji. Nilichomwomba ni kwamba ampigie mkewe hapo hapo, kabla ya kipindi, amweleze nusu iliyobaki, na kwamba siku hiyo hiyo arudi kwa daktari akiwa na mtu wa kumsindikiza, mtu ambaye angeweza kusema “samahani, leo hapana” endapo angetokea mwenye kuomba sauti ya bibi. Alipiga simu. Niliondoka chumbani ili nimwachie faragha, na niliporudi alikuwa ameshika kalamu, amekwisha kuifuta sentensi ya mhariri na kuandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba Robin Williams, mwigizaji na mchekeshaji aliyekuwa akiugua sonona, amefariki dunia. Alitaka neno la ugonjwa likae pale pale mwanzoni, kama ambavyo tungelitaja kwa mtu aliyekuwa akiugua figo. Tukaondoa maelezo ya namna kifo kilivyotokea, kwa kuwa yanaweza kumdhuru msikilizaji ambaye tayari yuko ukingoni, na mwishoni tukaongeza maneno ya kumsihi yeyote mwenye hali hiyo azungumze na mtu anayemwamini na aende hospitali.

Aliisoma mwenyewe hewani, bila sauti yoyote ya kuigiza, kisha akaendelea na kipindi chake. Bibi mgomvi alikuwapo asubuhi ile. Nilisimama nyuma ya kioo cha studio nikimtazama akicheka na nikamwamini.

Mhariri hakufurahi kwamba sentensi yake iliondolewa, na sishangai, kwa sababu katika siku zilizofuata sentensi ya namna hiyo ilizagaa kila mahali. Hata Akademia ya sinema inayotoa tuzo za Oscar ilisambaza picha ya jini lile pamoja na maneno ya kulitakia uhuru, mpaka wataalamu wa kuzuia watu kujiua wakalalamika kwamba kumwonyesha marehemu kuwa amepata nafuu kwa kufa ni kumvutia mwingine kwenye njia hiyo hiyo. Mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya kwanza kuhusu jambo hili, likaeleza kwamba watu zaidi ya 800,000 walikuwa wakifa kwa kujiua kila mwaka. Nadhani kisa cha mchekeshaji anayelia kwa siri kinapendwa kwa kuwa kinatupa hisia ya kuwa tumeelewa. Ugonjwa hauna utamu huo wa kusimulia.

Na ukweli wa Williams ulikuja kuwa mbali zaidi na kisa hicho kuliko sisi wawili tulivyokuwa tukijua alfajiri ile. Siku chache baadaye mkewe, Susan Schneider Williams, alieleza kwamba marehemu alikuwa katika hatua za mwanzo za ugonjwa wa Parkinson na kwamba hakuwa amerudia pombe. Uchunguzi wa mwili ulibaini ugonjwa wa ubongo unaojulikana kwa jina la Lewy, ambao husababishwa na protini zinazojikusanya ndani ya seli na kumletea mtu hofu, kukosa usingizi, kuchanganyikiwa na sonona yenyewe. Mwaka 2016 mkewe aliandika makala katika jarida la madaktari wa neva, akasimulia jinsi mumewe, alipokuwa Vancouver akiigiza filamu, alivyopata taabu kukumbuka hata mstari mmoja, ilhali miaka mitatu nyuma alikuwa jukwaani New York kwa miezi kadhaa akiyakumbuka maneno yote.

Wakati huo rafiki yangu alikuwa amehamia kipindi cha jioni ili apate kulala. Alirudi kwenye dawa, zikachukua wiki nyingi kumsaidia, na bado huzitumia. Ana siku mbaya, naye husema zinapokuja. Nilimtumia makala ile. Alinijibu kwamba aliisoma pamoja na mkewe hadi mwisho, kisha akaniomba nimtumie pia mhariri, “yule wa kulia moyoni.” Nilimtumia. Wiki hiyo hiyo mhariri aliniagiza niandae kipindi kuhusu ugonjwa wa Lewy, na safari hiyo hakunitajia sentensi ya kuanzia.