Fulana ya Buncombe

Ukiuza fulana za mtumba hapa Ngamiani, Tanga, mteja haanzi na bei. Anaitandaza kifuani, anainamisha kichwa: "Dada, hapa pameandikwa nini?" Hataki kupita na tusi mbele ya wakwe zake. Ndiyo maana nikifungua belo, maandishi nisiyoyaelewa nayatafuta kwenye simu kabla ya kuitundika nguo.

Juzi ikatoka moja ya kijivu, pamba nzito, shingo haijalegea hata kidogo: "Buncombe County". Nikajua timu ya mpira. Kumbe ni kaunti huko North Carolina, Marekani, na ndiko lilikotoka neno bunkum, yaani porojo, upuuzi, hasa ule wa wanasiasa.

Inasimuliwa hivi. Mwaka 1820 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikuwa linabishana Missouri iingie kwenye muungano kama jimbo jipya na utumwa wake au bila. Mjadala umeburuzwa, watu hoi, wanataka kura ipigwe wakapumzike. Akainuka Felix Walker, mbunge wa upande wa Buncombe. Wenzake wakampigia kelele akae. Hakukaa! Akawaambia hotuba ile si yao, anasema kwa ajili ya Buncombe. Wapiga kura wake wasikie kwamba na yeye alifungua mdomo, basi. Kuanzia hapo "kusema kwa ajili ya Buncombe" ukawa utani, tahajia ikageuka bunkum, na baadaye wavivu wa kutamka wakalikata: bunk.

Nikiwasimulia wateja wanacheka, maana mbunge huyo wanamjua, sura tu ndiyo tofauti. Mimi nasema Walker ana nafuu, alitaja hadharani anamhutubia nani. Kinachonikera ni kwamba hoja mezani siku ile ilikuwa binadamu kumilikiwa kama mbuzi. Sisi tuna Pangani hapo kusini, bandari iliyopitisha watumwa karne hiyohiyo ya 19, kwa hiyo jambo hili halisomeki kama la mbali. Missouri iliingia mwaka 1821, utumwa wake mkononi, na kilichobaki midomoni mwa watu ni kichekesho cha mzee Walker.

Halafu mwaka 1916 Henry Ford, yule wa magari, akaliambia gazeti la Chicago Tribune kuwa historia kwa sehemu kubwa ni bunk. Neno lenye historia yote hiyo, naye akalichagua hilohilo kuitukania historia!