Kidonda shavuni, jibu kifuani: siku moja maabara

Saa 1:00 asubuhi. Navaa koti na glavu, nawasha kabati la usalama, lile linalozuia vijidudu nisivivute. Sahani za jana za kuoteshea vijidudu ni bakteria wale wale, nazimaliza upesi.

Saa 3:15. Kinaletwa kipande cha ngozi kutoka shavuni. Fomu inauliza: "Saratani?" Simlaumu aliyeandika. Kidonda kimeota juu kama sugu, kina magamba, hakiponi miezi minne sasa. Nakata kipande kidogo, nadondoshea potasiamu haidroksidi, nasubiri iyeyushe seli za ngozi.

Saa 4:00. Darubini. Takataka, takataka, kisha chembe ya mviringo yenye ukuta mnene, mtoto wake amegandamana naye kwa shingo pana. Shingo hiyo ndiyo inayonisimamisha. Ni Blastomyces, fangasi, katika umbo lake la hamira: chembe moja moja zinazochipua. Namwita mwenzangu atazame bila kumdokeza lolote, maana jicho likishaambiwa huona lilichoambiwa. Naye anasema vilevile.

Saa 4:40. Simu.

"Daktari, mgonjwa wako anakohoa?"

"Alikohoa zamani. Alitibiwa nimonia, kikapungua."

Naomba makohozi, na picha ya kifua ipigwe leo. Fangasi hii hukaa kwenye udongo wenye unyevu na miti iliyooza. Mtu huvuta mbegu zake hewani. Zikifika kwenye nyuzi 37 za mwili hugeuka hamira, hutulia mapafuni, kisha damu huzibeba hadi ngozini. Daktari wa ngozi Gilchrist aliueleza ugonjwa huu mwaka 1894, na kwa miongo kadhaa baadaye wengi waliuona wa ngozi tu. Kifua hakikuulizwa.

Saa 7:00. Chakula.

Saa 8:20. Makohozi yamefika. Kuyapandikiza, pamoja na ngozi, ndiyo kazi ninayoiogopa. Si leo, bali wiki zijazo: kwenye joto dogo la sahani fangasi hurudi kuwa ukungu wenye mbegu za kupeperuka, na mapafu ya kuzipokea ni yangu. Nafunga kila kifuniko kwa utepe na kuandika kwa wino mwekundu: ISIFUNGULIWE NJE YA KABATI.

Saa 9:30. Muuguzi anauliza kama mgonjwa atengwe. Hapana, dada, haiambukizi mtu kwa mtu.

Saa 10:10. Daktari anapiga mwenyewe: kuna kivuli pafu la kulia. Anaanza itrakonazoli, dawa ya fangasi, miezi sita au zaidi. Kuhusu upasuaji wa shavu, kaufuta.

Naweka sahani kwenye kabati la kuoteshea. Zitakaa humo hadi wiki nne.