Nyumba za kuinuliwa kwa jeki

Mimi ni fundi ujenzi hapa Nkuhungu, Dodoma, na nyufa za ukutani ndizo zinazonilisha. Ndiyo maana Northwich, mji wa chumvi kule Cheshire, Uingereza, umenikaa kichwani. Mwaka 1670 watu walikuwa wakitafuta makaa ya mawe karibu na hapo, wakakuta chumvi ya mwamba. Machimbo ya zamani yakaingia maji, nguzo za chumvi zilizoshikilia dari zikayeyuka. Juu ya hayo, wenye viwanda wakazidi kuvuta maji ya chumvi kwa pampu ili wayachemshe, chini kukabaki mapango. Nyumba zikatitia, nyingine zikalala upande kama mlevi wa wanzuki. Sheria ya fidia ikaja 1891.

Ila mimi nawavulia kofia mafundi wao. Walianza kujenga kwa fremu za mbao, nyumba ikititia inapigwa jeki, inanyanyuliwa, kazi inaendelea. Jeki! Hapa mteja nikimwambia aongeze nondo kwenye mkanda wa zege unaofunga kuta, ananiuliza kama namjengea benki.

Jirani zao wa Winsford wanachimba hadi leo. Chumvi yenyewe inamwagwa barabarani kuyeyusha barafu, jamani.